Mwenye Wakati na Mshika Saa

Katika mji wa Moshi jua halifiki kati saa sita kamili za mchana. Saa za Tanzania nzima zimefungwa kwenye mstari wa longitudo wa nyuzi 45 mashariki, mstari ambao haupiti hata mara moja juu ya ardhi yetu, ilhali Moshi iko karibu na nyuzi 37 na theluthi moja. Na kwa kuwa jua hukata uzi mmoja kwa dakika nne, mji huu huishi nusu saa mbele ya jua lake, siku nenda siku rudi. Mwanzoni mwa Novemba jua huvuka kati yapata saa 6 na dakika 14, na katikati ya Februari huchelewa mpaka karibu saa 7 kasorobo. Muadhini huyafuata haya bila ya kuhitaji kutaja longitudo, maana adhuhuri yake imefungamana na jua lenyewe. Karani wa benki hana haja nayo, maana mlango wake hufunguliwa na kufungwa kwa amri ya saa. Na mnara wa saa uliopo katikati ya mji humtumikia karani, wala hauombi radhi kwa muadhini.

Baina ya jua na mnara huo limesimama swali la kale, nalo ni hili: wakati ni milki ya nani, na yule ajitwikaye kazi ya kuupanga kwa niaba ya wengine, awe mtawala, kasisi, serikali au mtambo, huyashika mamlaka hayo kwa haki gani? Wanazuoni wa dini wamelikabili kwa mlango wa ibada, na wanafalsafa kwa mlango wa hoja. Mimi naomba ruhusa ya msomaji nilipeleke pahala ambapo halijazoea kupelekwa, yaani ndani ya programu isimamayo kati ya kompyuta na kioo chake, ile ambayo mafundi wa madukani huiita draiva ya kadi ya picha. Kwa sababu naona kwamba humo limejibiwa kwa unyofu kuliko katika vitabu vingi, na kwamba jibu lenyewe lilikuwa likijulikana zamani kwa wazee waliogawa maji ya mifongo, yaani mifereji ya asili ya Wachagga, katika miteremko ya Kilimanjaro.

Kioo cha kawaida cha siku hizi kina nukta 1,920 kwa upana na mistari 1,080 kwa kimo, na picha iliyomo huchorwa upya mara 60 katika kila sekunde. Mtu angedhani, basi, kuwa draiva haina la kuhesabu ila nukta hizo. Lakini kipimo walichokubaliana watengenezaji ni nukta 2,200 kwa mistari 1,125, na ukizizidisha hesabu hizo kwa 60 utapata mapigo milioni 148.5 kwa sekunde, ambayo ndiyo mwendo halisi wa kazi hiyo. Nukta 280 katika kila mstari, na mistari 45 katika kila picha, hazionekani na jicho la mtu yeyote. Desturi ya kuziacha ilianza enzi za televisheni zenye neli kubwa ya kioo, ambapo mwali wa elektroni ulihitaji muhula wa kurudi mwanzo wa mstari na kupanda tena juu. Neli zile zimekwisha madukani, na muhula umebaki.

Umebaki kwa sababu una faida. Katika ile mistari 45 iliyo kimya, ambayo kwa jumla ni theluthi mbili tu za sehemu moja ya elfu ya sekunde, ndipo draiva hupata fursa ya kubadilisha picha moja kwa nyingine bila ya kumdhuru atazamaye. Mabadiliko yakifanywa nje ya muhula huo, jicho huona picha iliyokatika, juu pana mambo ya zamani na chini pana mambo mapya. Yapata sehemu 16 katika kila mia ya mapigo yote hutumika kwa kutoonyesha kitu, na mhandisi hazihesabu kuwa ni hasara, bali huziandika mwanzo kabisa wa hesabu yake. Hapa dini zetu zina haki ya kutabasamu. Wafuasi wa Musa waliamriwa siku moja katika saba, Wakristo wa Kibosho na Machame, huko Kilimanjaro, wana Jumapili yao, na Mwislamu hukatiza kazi yake mara tano kati ya alfajiri na usiku. Na kila kizazi hutokea mwerevu wa kusema kwamba nyakati hizo zingeweza kuuzwa. Zingeweza, ndiyo, na picha ingekatika.

Liko jambo jingine katika kioo hicho ambalo lingewapendeza mno wanazuoni wa Kiislamu wa shule ya Kiashari. Hao, na mkubwa wao katika somo hili alikuwa al-Baqillani aliyefariki mwaka 1013, walishikilia kuwa sifa za vitu hazidumu nyakati mbili: weupe wa kanzu uuonao sasa si weupe uliouona kitambo kidogo kilichopita, bali Mwenyezi Mungu ameuumba upya, na tena, na tena, na kudumu kwake ni desturi ya Muumba wala si tabia ya kanzu. Al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliiendeleza fikira hiyo hata akasema kuwa moto hauunguzi pamba kwa nguvu zake, ila kuungua huumbwa pale moto unapokuwapo. Wengi waliicheka hoja hii kuwa ni ya watu walioikimbia akili. Basi na waketi mbele ya kioo cha kompyuta kinachoonyesha barua isiyobadilika kwa muda wa saa nzima: barua ile haikukaa pale hata kidogo, imeandikwa mara 216,000, na utulivu wake wote ni uaminifu wa aliyekuwa akiiandika. Sisemi kuwa kioo kimethibitisha itikadi ya al-Baqillani. Mtambo hauwezi kuthibitisha itikadi. Nasema tu kwamba fikira iliyodhaniwa kuwa haiwezekani kufikirika, leo hutengenezwa kiwandani na kuuzwa kwa bei nafuu.

Maadam utulivu ni kazi inayofanywa upya kila mara, huwa lazima kuuliza ni nani aifanyaye, na hapo ndipo tunapoingia katika mpangilio wa draiva yenyewe. Katika kadi ya picha hapana saa moja, zipo kadha wa kadha: mapigo ya kutoa nukta, mapigo ya kumbukumbu, mapigo ya injini ya kuchora, mapigo ya waya upelekao picha kiooni. Waandishi wa draiva za kwanza waliziandika amri za mapigo hayo kila mahali zilipohitajika. Sehemu ya kuwasha kioo ilikuwa na amri zake, sehemu ya kubana umeme ilikuwa na zake, na kila chipu mpya ilipokuja mtu alinakili ya zamani akabadili tarakimu mbili tatu. Kwa siku nyingi mambo huenda. Kisha huja siku ambapo sehemu moja, kwa nia njema ya kuokoa betri, hushusha mapigo wakati uleule ambapo sehemu nyingine inasoma kumbukumbu ili ijaze mstari. Kioo humeta, au huwa cheusi, na fundi akitafuta mkosaji hampati, kwa sababu kila sehemu ikisomwa peke yake haina kosa.

Dawa yake, ambayo wahandisi waliifikia baada ya taabu, ilikuwa kuzikusanya amri zote za mapigo katika fungu moja la programu lenye jina lake, na kuwakataza wengine wote kuigusa saa kwa mikono yao. Anayetaka mapigo hupeleka haja yake. Msimamizi hujumlisha haja za wote, hutazama ni ipi kubwa kuliko zote, kisha hutoa amri. Na kazi hiyo ina adabu moja ambayo sikuitazamia kuiona katika mtambo: kupandisha hufanywa kabla ya kazi kuanza, na kushusha hakufanywi ila baada ya kuhakikishwa kwamba hapana aliyebaki akihitaji. Atoaye hutoa mapema, na anyang'anyaye hungoja. Laiti kila ofisi ya umma ingekuwa na insafu ya namna hiyo.

Sasa na tupande mlimani. Mfongo huanza juu, karibu na msitu, pale mto ulipozuiwa kwa mawe, magogo, vigogo vya migomba na mabonge ya udongo yenye nyasi zake. Kutoka hapo maji huongozwa pembezoni mwa bonde kwa mteremko mdogo sana, hata mgeni atazamaye kutoka ng'ambo hudhani yanapanda mlima, mpaka yafike kwenye vihamba, yaani mashamba ya migomba yanayozunguka nyumba, ambako kila mlango wa shamba una kizibo chake cha udongo na magamba ya mgomba. Njiani lipo bwawa la udongo liitwalo nduwa, ambalo hufungwa jioni likajaa usiku kucha, kisha hufunguliwa asubuhi ili maji yawe na nguvu ya kufika mbali. Mwenye zamu huja na jembe lake, huvunja kizibo chake, na maji huingia chini ya migomba na mibuni. Na zamu ikimwishia, yupo wa chini yake amesimama, jembe begani, hasemi kitu, naye hana haja ya kusema. Katika mambo hayo kilichogawanywa hasa ni wakati, wala si maji: hakuna aliyepewa madebe kadha, kila mmoja alipewa sehemu ya siku, na katika sehemu hiyo mfongo mzima ulikuwa wake, uwe umejaa au umepungua. Kiangazi kikizidi, upungufu huwapata wote kwa zamu zao.

Na zamu hizo zilikuwa mikononi mwa mtu mmoja. Mzee wa mfongo, aghalabu wa ukoo wa yule aliyeuchimba, ndiye aliyejua nani kafuata nani, nani hakufika siku ya kazi ya kuzibua, na nani amepoteza zamu yake kwa uvivu huo. Charles Dundas, aliyekuwa mtawala wa Kiingereza katika Moshi, aliiandika mifongo katika kitabu chake cha mwaka 1924, na mchungaji Bruno Gutmann, aliyekaa miaka mingi Moshi ya Kale, aliieleza sheria ya maji hayo katika kitabu chake kikubwa juu ya sheria ya Wachagga cha mwaka 1926. Wote wawili waliona kwamba mambo haya hayakutengana na ibada, kwani kwenye mabanio ya mfongo palitolewa sadaka. Mzee yule, basi, hakuwa mwenye maji. Maji yalikuwa ya Ruwa, Mungu wa Wachagga, mfereji ulikuwa wa waliokufa, mimea ilikuwa ya walio hai. Yeye alikuwa na utaratibu tu, akaushika kama amana, na kwa kuwa alijulikana kwa jina na nyumba, aliweza kuulizwa.

Nashindwa kupita hapa bila ya kusema neno juu ya marehemu John Mbiti, mwanazuoni wa Kenya, ambaye katika kitabu chake cha mwaka 1969 juu ya dini na falsafa za Kiafrika alidai kwamba Mwafrika wa asili alikuwa na sasa na zamani, ila wakati ujao wa mbali hakuwa nao karibu kabisa. Nina heshima kubwa kwa Mbiti, lakini nashangaa angesema nini mbele ya mfongo. Watu wachongao mwamba kwa vyombo vya mkono ili maji yafike katika mteremko ambao bado una pori, na wawekao zamu ambazo wajukuu wao watazigombania, hawakuwa watu wasiouona wakati ujao. Waliuona, wakauchimbia mfereji.

Haifai, hata hivyo, kusema kwamba kukusanya mambo mahali pamoja ni wema kwa hali yoyote. Mwaka 2016 AMD, kampuni itengenezayo kadi za picha, ilitaka programu yake ya kuongoza vioo, yenye mistari inayokaribia laki moja, iingizwe katika kerneli, yaani kiini, ya mfumo wa Linux, ile ambayo Linus Torvalds aliianza mwaka 1991 na ambayo leo huandikwa na maelfu ya watu duniani. Mapigo yalikuwa yamepangwa vizuri humo, na kazi ilikuwa ya watu hodari. Lakini Desemba ya mwaka ule Dave Airlie, msimamizi wa upande wa picha katika kerneli hiyo, aliikataa, na sababu yake ilikuwa kwamba kampuni ilikuwa imejenga tabaka lake lenyewe juu ya kerneli, lenye desturi zake, ambalo jirani asingeweza kulisoma wala kulirekebisha bila ya kuingia katika nyumba ya watu. Wengi waliona ni ukaidi, maana wateja walikuwa wakingoja. Kampuni ikarudi kazini, ikapunguza, ikafuata desturi za jumuiya, na programu ikapokewa katika toleo la 4.15, lililotoka Januari 2018. Mimi naona Airlie alikuwa na haki. Utaratibu wa wakati ukikusanywa mahali palipofichika, haujawa amana. Umekuwa milki, na tofauti ya mambo hayo mawili haionekani katika utendaji wa mtambo, huonekana siku ya kuuliza.

Atauliza msomaji: na msimamizi huyo wa mapigo, yeye huupata wapi wakati wake? Huupata katika kipande cha jiwe la quartz, dogo kuliko punje ya mchele, ambacho kikitiwa umeme hutikisika kwa kadiri yake. Lile la saa ya mkono hutikisika mara 32,768 kwa sekunde, na sakiti iliyo karibu nalo huigawa hesabu hiyo kwa mbili mara kumi na tano mpaka libaki pigo moja. Katika kadi ya picha kazi huwa kinyume, jiwe hutoa mapigo machache na sakiti huyazidisha mpaka yafikie kiasi kinachotakiwa, na draiva iliyoandikwa kwa adabu haianzi kazi mpaka sakiti hiyo itoe ishara kuwa imetulia. Lakini jiwe nalo si hakimu wa mwisho. Likipata joto hukosea, na saa ya bei ya kawaida hupotea yapata nusu sekunde kwa siku. Husahihishwa kwa saa kubwa zaidi, na hizo kwa zilizo kubwa kuliko hizo, na Agostino, askofu wa Hippo aliyefariki mwaka 430, alikwisha kuionja taabu hii alipoona kwamba kila apimaye wakati huupima kwa kitu kilichomo ndani ya wakati. Kila mshika saa ameazima. Mwenye kukopesha wa kwanza hayumo katika mnyororo huo, na waumini wa kanisani na wa msikitini hawana ugomvi juu ya hilo.

Serikali zetu, ambazo nazo zimeazima, hupenda kulisahau. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inataka atumiaye maji ya mto awe na kibali, na kibali hutaja kiasi cha maji, yaani lita kwa sekunde. Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani, ambayo makao yake yako Moshi, ndiyo isimamiayo jambo hili katika mito ya Kilimanjaro. Sina shaka kuwa hesabu inahitajiwa. Lakini lita zilizoandikwa karatasini hubaki zilezile mto unapokauka, na walio juu huzichukua zote kwa haki ya karatasi, ilhali zamu ya mfongo hupungua pamoja na mto. Hata kabla ya sheria hiyo, katika mradi wa umwagiliaji wa Lower Moshi, uliokamilika mwaka 1987 kwa msaada wa Japani, mpunga ulistawi kwa namna iliyowafanya wakulima wa juu ya mradi waanze nao kuupanda, wakachukua maji ya Mto Rau kabla hayajafika kwenye mabanio ya kisasa, na mashamba ya mradi yakakosa. Mifereji ya saruji ilikuwa timamu na wakulima wa pande zote mbili hawakuwa wezi. Kilichokosekana ni mshika zamu mmoja aliyekubaliwa na wa juu na wa chini.

Kerneli niliyoitaja iko wazi, na kila mwenye kompyuta na intaneti anaweza kuisoma bila ya malipo. Ndani yake faili za kusimamia mapigo ya kadi za AMD zimetengwa katika fungu lao, kila kizazi cha chipu na lake. Tangu mwaka 2004 kila apelekaye badiliko hutakiwa kutia jina lake chini ya badiliko hilo, ili ijulikane nani wa kuulizwa. Nawaomba vijana wa Moshi wanaojifunza kazi hii, ambao wengi wao ni wajukuu wa wenye mifongo, waziendee faili hizo wakazisome taratibu. Na wakikuta pigo limeandikwa pasipo pake, waliondoe, walipeleke linakostahili, na waandike majina yao.